Fononi zilizozama chini ya sifuri: kosa la hesabu au tabia ya kristali?

"Niko mwaka wa pili wa shahada ya uzamili ya fizikia. Nimekokotoa mitetemo ya strontiamu titaneti (SrTiO₃) katika umbo lake la mchemraba, kwa programu za Quantum ESPRESSO na phonopy, fankisheni ya PBE (kanuni ya kukadiria nishati ya elektroni), seli kubwa ya 2×2×2 (seli ndogo iliyorudiwa mara mbili kila upande). Grafu imetoka na masafa hasi sehemu nne. Jirani na Γ matawi ya akustiki yanazama mpaka kama −20 cm⁻¹. Katikati ya njia kutoka Γ kwenda M tawi moja linabonyea kidogo chini ya sifuri. Palepale Γ tawi la optiki liko −120 hivi, na kwenye nukta R mengine yako −80. Msimamizi wangu anasema kristali hii inauzwa, watu wanaishika mkononi, kwa hiyo haiwezi kuwa na masafa ya kufikirika. Nirudie hesabu mpaka yaishe. Mwenzangu ananishauri niondoe tu alama ya kutoa niendelee na joto mahususi. Nimerudia mara sita. Nilipoongeza kikomo cha nishati mara mbili, yale ya akustiki yalipungua sana, lakini ya R hayakusogea. Nimebakiwa na miezi mitatu. Nifanye nini?"

Pole kwa kurudia mara sita, maana najua foleni ya kompyuta kubwa inavyokula wiki za mtu. Ila katika swali lako kuna sentensi moja yenye thamani kuliko grafu yenyewe: ulipokaza hesabu, ya akustiki yalipungua, ya R hayakusogea. Tayari umeshafanya jaribio muhimu kuliko yote, bila kulipa jina. Kelele ya hesabu hubadilika ukibadilisha hesabu. Kristali haibadiliki kwa sababu umebadilisha gridi. Kwa hiyo naamini una magonjwa mawili tofauti kwenye grafu moja, na pengine la tatu, na kila moja lina dawa yake. Msimamizi wako yuko sahihi kwa sehemu ya grafu. Ushauri wa mwenzako usiufuate hata kidogo, na nitakueleza kwa nini.

Kwa msomaji mgeni: Γ, X, M na R ni majina ya nukta zinazoonyesha wimbi la mtetemo lina urefu gani na linaelekea wapi; Γ ni pale seli zote zinapotetemeka pamoja. Katika matawi ya akustiki atomi jirani husogea pamoja, katika ya optiki husogea kinyume. Tuanze na ile alama ya kutoa. Hakuna mtetemo wenye masafa hasi. Programu haikokotoi masafa moja kwa moja. Inasogeza atomi kidogo, inapima kani zinazorudi kwa atomi zote, inapanga mabadiliko hayo kwenye matriki, inagawa kwa masi, kisha inatafuta thamani maalumu za matriki hiyo. Kila thamani ni mraba wa masafa, ω². Mraba ukitoka chanya, unachukua kipeuo chake na una mtetemo wa kawaida. Ukitoka hasi, kipeuo chake ni namba ya kufikirika, na kwa kuwa namba hiyo haichoreki kwenye mhimili wa kawaida, waandishi wa programu walikubaliana kuichora chini ya sifuri. Hiyo −80 yako maana yake ni kwamba ω² ni −6400. Ni desturi ya uchoraji tu.

Maana yake kifizikia ni hii. Weka gololi ndani ya kifuu cha nazi kilichokaa sawasawa. Ukiisukuma, inarudi, inapita katikati, inarudi tena: hayo ndiyo masafa halisi. Sasa kifudifudishe kifuu na uiweke gololi juu ya mgongo wake. Ukiigusa kidogo hairudi, inaporomoka. Juu ya mgongo huo kani zote ni sifuri kama zilivyo chini ya kifuu, na ndiyo maana programu ya kutuliza muundo ilikuambia imemaliza kazi vizuri. Ilitafuta mahali pasipo na kani. Haikuuliza kama pale ni bondeni au kileleni. Masafa ya kufikirika yanakuambia: mahali ulipoziweka atomi zako, kuna mwelekeo mmoja au zaidi ambao nishati inashuka badala ya kupanda.

Kwa hiyo kila unapoyaona, swali ni moja. Je, kweli nishati inashuka kwenye mwelekeo huo, au vipimo vyangu vya kani ni vichafu kiasi kwamba bonde tambarare limeonekana kama kilima?

Hapa ndipo kile kipeuo cha mraba kinapofanya madhara ambayo wengi hawayaoni. Mwenye duka la nafaka ana mizani inayokosea gramu mia mbili. Kwenye gunia la kilo tisini, mia mbili haimsumbui mtu. Mletee mizani hiyohiyo apimie hiliki ya gramu mia na hamsini, na anaweza kukuambia hiliki yako ina uzito hasi. Mizani haikubadilika, kilichobadilika ni kitu kilichopimwa. Fononi, yaani mitetemo ya kristali, ziko hivyo hivyo. Tuseme kani zako zina kelele ya sehemu moja ya elfu ya elektroni-volti kwa angstromu, yaani 0.001. Phonopy, ikifanya kazi na Quantum ESPRESSO, husogeza atomi kwa bohr 0.02, ambazo ni karibu angstromu 0.01. Gawa kelele kwa msogeo: umekosea kigezo cha kani kwa kama 0.1 eV/Å². Kwa atomi ya titani, yenye masi 48, kosa hilo peke yake ni sawa na masafa ya kama 24 cm⁻¹. Kwa oksijeni, iliyo nyepesi zaidi, ni kama 41.

Sasa angalia linavyofanya kazi. Mtetemo wa kweli wenye 500 cm⁻¹ una mraba wa 250,000. Toa mraba wa 24, yaani 576, uchukue kipeuo: umepata 499.4. Hakuna atakayeona. Lakini mtetemo ambao kweli uko sifuri, ukitoa hizohizo 576, unatokea −24 kwenye grafu na unakunyima usingizi. Kosa ni lilelile. Ndiyo maana uchafu wa hesabu hujitokeza kwenye matawi ya chini tu, na ndiyo maana mtu anaweza kuwa na matawi ya juu mazuri yanayolingana na majaribio ya maabara, kisha akadhani hesabu yake yote ni safi.

Kipeuo hichohicho kina jambo lingine la kukatisha tamaa, na ni afadhali ulijue mapema. Ukipunguza kelele ya kani mara mia, masafa ya uongo hupungua mara kumi tu. Kutoka 24 unashuka hadi 2.4. Mwanafunzi anayekaza vigezo kidogo kidogo, mara mbili leo, mara mbili kesho, ataona grafu inasogea kwa kujivuta na atadhani tatizo haliponi. Unapokaza, kaza kwa nguvu.

Sasa tushike sehemu moja moja.

Matawi matatu ya akustiki kwenye Γ lazima yawe sifuri kamili. Hiyo ni sheria wala si matokeo ya kutarajia: ukiihamisha kristali nzima hatua moja kulia, hakuna atomi iliyobadilisha umbali na jirani yake, kwa hiyo hakuna kani inayoweza kutokea. Kihesabu, vigezo vya kani vya atomi moja dhidi ya zote, ikiwemo yenyewe, vikijumlishwa lazima vitoe sifuri. Kompyuta lakini haihesabu kwenye nafasi endelevu. Inahesabu nishati ya kubadilishana na uhusiano wa elektroni kwenye gridi ya nukta, na atomi inapohama kutoka juu ya nukta kwenda katikati ya nukta mbili, nishati yake inabadilika kidogo ingawa kifizikia hakuna kilichobadilika. Ni kama anayetembea juu ya trei ya mayai, anapanda na kushuka ilhali sakafu iko sawa. Sheria inavunjika kidogo, na matawi ya akustiki yanazama au yanaelea juu.

Ulipoongeza kikomo cha nishati, kigezo cha ecutrho, kinachoamua ulaini wa gridi, nacho kilipanda, kwa kuwa usipokiandika programu hukiweka mara nne ya ecutwfc, ambacho ndicho hicho kikomo cha nishati. Gridi ikawa laini zaidi, na −20 yako ikapungua. Huo ni uthibitisho kwamba ilikuwa kelele. Kama potensho zako (faili zinazowakilisha kiini na elektroni za ndani za kila atomi) ni za aina ya ultrasoft au PAW, mara nne huenda isitoshe. Weka kati ya mara nane na kumi na mbili, ujaribu mwenyewe mpaka uone mabadiliko yameisha. Pili, angalia conv_thr, kigezo kinachoamua programu iache lini kurudia mizunguko. Ukiiacha bila kuigusa ni 1×10⁻⁶ Ry, ambayo inatosha kwa mtu anayetaka nishati ya jumla, lakini kwa anayetaka tofauti ndogo za kani ni legevu mno. Ishushe hadi 1×10⁻¹⁰ au chini ya hapo. Gharama yake ni mizunguko michache tu ya ziada, kwa hiyo ni kigezo cha bei nafuu kuliko vyote. Nasikitika kila ninapokuta mtu amelipa wiki tatu za seli kubwa huku kigezo hiki hajakigusa.

Ukishafanya hayo, ndipo uwashe usahihishaji wa sheria ya akustiki: FC_SYMMETRY kwenye phonopy, au asr kwenye matdyn.x ukitumia njia nyingine. Wapo wanaoona usahihishaji huu ni udanganyifu. Sikubaliani nao, kwa sababu unairudishia hesabu sheria ambayo tunajua kwa hakika kwamba ni ya kweli. Ila tazama kwanza masafa ya akustiki kwenye Γ kabla ya kuusahihisha, na uyaandike kwenye tasnifu yako. Yakiwa cm⁻¹ chache, sahihisha kwa amani. Yakiwa 30 au 40, usahihishaji utayafukia kwenye Γ na kuacha kosa lilelile kwenye kila nukta nyingine ya grafu, ambako hakuna sheria ya kukusaidia.

Watu wengi wangekuambia pia utulize atomi zaidi. Kwa kristali nyingine ni ushauri mzuri kabisa: ukikokotoa fononi huku atomi bado zina kani zilizobaki, unapima mteremko wa mahali pasipo na utulivu. Lakini katika SrTiO₃ ya mchemraba kila atomi imekaa mahali ambapo ulinganifu wenyewe unalazimisha kani kuwa sifuri. Huna cha kutuliza ila ukubwa wa mchemraba. Usipoteze siku huko.

Lile bonyeo la katikati ya Γ na M ni jambo la namna nyingine. Seli kubwa ya 2×2×2 inabeba nukta fulani tu kwa ukamilifu: Γ, X, M na R. Mawimbi yenye urefu unaoingia sawasawa ndani ya seli hiyo yamehesabiwa kweli. Kila kitu kingine kwenye grafu, mistari yote mizuri inayounganisha nukta hizo, programu imeikisia kutokana na vigezo vya kani ilivyonavyo. Makisio huwa mazuri kama kani zinafifia haraka kwa umbali. Katika kristali yenye ayoni zenye chaji hazififii haraka, kwa sababu kila ayoni inayosogea huunda dipoli ndogo ya umeme (jozi ya chaji chanya na hasi) inayovuta mbali. Na SrTiO₃ ni mfano mkali: chaji fanisi ya Born ya titani, yaani chaji inayoonekana atomi inaposogea, ni karibu 7, ilhali kemia ya darasani inampa 4. Kama hukuipa phonopy faili la BORN lenye chaji hizo na kigezo cha umeme cha kristali, makisio yako ya karibu na Γ yana kasoro kubwa, na hilo bonyeo linaweza kuwa zao lake. Chaji hizo utazipata kwa ph.x, programu ya fononi ya Quantum ESPRESSO, ukiwasha epsil, kwenye seli ndogo ya atomi tano. Ni kazi ya saa chache.

Msomaji mwingine angekimbilia seli ya 3×3×3, yenye atomi 135, akidhani kubwa ni bora. Kwa kristali hii ni mtego. Seli yenye mara tatu haina X, wala M, wala R ndani yake. Ile −80 ya R, ambayo sasa unayo kwa ukamilifu, ingegeuka kuwa makisio, ingeweza hata kupotea, na ungesherehekea kuondokewa na kitu cha kweli. Ukipanua, panua kwenda 4×4×4, ambayo ni atomi 320. Najua hizo ni nyingi kwa mgao wa kompyuta wa mwanafunzi, kwa hiyo napendekeza njia nyingine: nadharia ya mwitiko ambayo Baroni, Giannozzi na Testa waliianzisha mwaka 1987 na ambayo ndiyo iliyomo ndani ya ph.x. Inakokotoa mtetemo wa urefu wowote wa wimbi kwenye seli ndogo ya atomi tano. Chukua nukta ya katikati yako, (¼, ¼, 0), ikokotoe moja kwa moja. Ikitoka chanya, bonyeo lilikuwa makisio na hadithi yake imeishia hapo. Ikitoka hasi, usishtuke, kwa sababu udhaifu wa Γ katika kristali hii una kawaida ya kujitandaza jirani.

Sasa R, sehemu ninayoipenda zaidi katika swali lako, maana hapo nadhani umegundua tena kitu halisi huku ukiambiwa umekosea.

Ndani ya SrTiO₃ kila titani imezungukwa na oksijeni sita, zikiunda umbo la nyuso nane. Fikiria umbo moja linajizungusha kidogo kulia, jirani yake kushoto, anayefuata kulia, na hivyo hivyo pande zote tatu. Huo ndio mtetemo wa R. Katika maabara, ukiipoza kristali chini ya kama kelvini 105, mzunguko huo unaganda: maumbo yanabaki yamegeuka, mchemraba unarefuka kidogo upande mmoja na kristali inakuwa ya tetragoni. Pembe yenyewe ni ndogo, kama nyuzi 2 kwenye baridi kali. Gen Shirane na Yasusada Yamada walilifuatilia jambo hili kwa neutroni, na mwaka 1969 walichapisha jinsi masafa ya mtetemo wa R yanavyoshuka kuelekea sifuri kadiri joto linavyokaribia nukta hiyo. Mwanafizikia Cochran alikuwa ametangulia mwaka 1960 kueleza kwa nadharia kwamba mabadiliko ya namna hii huletwa na mtetemo unaolainika.

Unaona basi kompyuta yako ilichokuambia? Hesabu yako haina joto. Atomi zimewekwa kimya kwenye kelvini sifuri, katika umbo la mchemraba ambalo kristali halisi hulikataa chini ya 105. Ulimuuliza gololi kama anapenda kukaa juu ya mgongo wa kifuu, naye akajibu hapana. Ingetoka chanya pale R, ndipo ningekuwa na wasiwasi na hesabu yako.

Na hili ndilo la kumwambia msimamizi wako, kwa heshima na ukiwa na karatasi mkononi. Ni kweli kristali hii ipo. Miaka ya 1950 iliuzwa hata kama kito cha kuigiza almasi, na leo inatumika kuoteshea tabaka nyembamba za vitu vingine. Lakini mchemraba unaoshikika mkononi upo kwenye kelvini 300. Hapo atomi zina nishati ya kutosha kuruka kutoka upande mmoja wa kilima kwenda mwingine mfululizo, na wastani wake unaonekana umesimama katikati. Mchemraba ni wastani wa atomi zinazohangaika, na hangaiko hilo halimo katika hesabu ya kuganda. Kuna metali zinazofanya hivyo pia: zirkoni ya aina ya bcc (mchemraba wenye atomi katikati) ipo kweli juu ya kelvini 1136, na hesabu yake ya kelvini sifuri imejaa masafa ya kufikirika.

Usiniamini kwa maneno, lakini. Thibitisha. Chukua mwelekeo wa mtetemo wa R kutoka phonopy, sogeza oksijeni kufuata mwelekeo huo kwa hatua za angstromu 0.02 hadi kama 0.2, pande zote mbili, na kokotoa nishati ya kila hatua kwenye seli yako ya atomi 40. Ni hatua ishirini na moja, na ulinganifu utakupunguzia karibu nusu. Chora. Ikitoka bakuli moja, masafa yalikuwa ya uongo. Yakitoka mabonde mawili yenye kilima katikati, umepata kutotulia kwa kweli, na chini ya bonde ndiko unakokaa muundo wa tetragoni. Kina cha mabonde hayo ni cha milielektroni-volti, kwa hiyo hakikisha nishati zako hazina kelele ya kiwango hichohicho. Kisha achia atomi kutoka bondeni zitulie zenyewe, na ukokotoe fononi za muundo mpya. Kama umeshuka hadi bonde la kweli, masafa yaliyotokana na R yatakuwa chanya.

Kuna kipimo kingine cha haraka ambacho hakigharimu kitu. Ulinganifu wa mchemraba unalazimisha mitetemo hii ya R iwe mitatu yenye masafa sawa, mmoja kwa kila mhimili. Fungua faili la namba usome. Ikiwa una −80.1, −80.1 na −80.1, kinachozungumza ni kristali. Ikiwa ni −62, −80 na −91, kuna uchafu umevunja ulinganifu na namba yenyewe huwezi kuitegemea, hata kama kutotulia ni kwa kweli. Nimesaidia wengi ambao walitazama picha tu kwa miezi bila kufungua faili hilo.

Tawi la optiki la Γ ni gumu zaidi. Katika mtetemo huo titani inasogea upande mmoja na oksijeni upande wa pili, na kama ingeganda, kristali ingekuwa ya feroelektriki, yaani yenye chaji zilizojitenga zenyewe bila umeme wa nje, kama dada yake bariamu titaneti. Lakini SrTiO₃ ya kawaida haigandi hivyo hata ikipozwa kiasi gani. Cowley aliona mwaka 1962 kwamba masafa haya hushuka kadiri kristali inavyopoa, na mwaka 1979 Müller na Burkard wakaonyesha kwamba chini ya kelvini 4 mwitikio wake wa umeme unasimama tu, hauendelei kupanda na wala hauvuki. Kinachoizuia ni mtikisiko wa kikwantumu, ule ambao atomi hazikosi hata kwenye sifuri kamili. Ushahidi unaonifurahisha zaidi ulikuja mwaka 1999 kutoka Japani: walipobadilisha oksijeni ya kawaida kwa oksijeni-18, iliyo nzito kidogo, kristali ikawa feroelektriki kwenye kelvini kama 23. Masi ya kiini haigusi kabisa nishati ya elektroni unayoikokotoa. Uzito tu ndio uliobadilika, mtikisiko ukapungua, na kristali ikaporomokea bondeni.

Kwa hiyo masafa hasi ya Γ nayo yana fizikia ndani yake, lakini ukubwa wake usiuamini, kwa sababu unategemea mno ukubwa wa mchemraba. PBE huuvimbisha: inatoa karibu angstromu 3.94, ilhali kipimo cha maabara ni 3.905. Fankisheni nyingine, PBEsol, iko karibu na 3.90, na LDA inabana hadi kama 3.86. Mchemraba ukivimba, titani inapata nafasi ya kuhama na mtetemo wa Γ unazama. Ukibanwa, unapanda, na kwa LDA mara nyingi unatoka chanya. Rudia Γ peke yake, seli ya atomi tano, kwenye 3.905 na kwa PBEsol. Utaona −120 yako ikisogea sana, ilhali R, ukiirudia pia, itabaki hasi. Hapa tunachokiona ni makadirio yaliyomo ndani ya fankisheni, ambayo hayaondoki kwa kukaza gridi wala conv_thr. Wanafunzi wengi hulichanganya na kelele, wakateseka kulikaza lisilokazika.

Nije kwa ushauri wa mwenzako, wa kufuta alama ya kutoa. Mgongo wa kifuu haugeuki kuwa bakuli kwa kuandikwa kwa wino mwingine. Mtetemo wa −80 hauna uhusiano wowote na mtetemo wa 80. Ule wa kwanza ni mwinuko wa kilima, na joto mahususi halina fomula inayoukubali. Na madhara si madogo. Entropia inategemea sana mitetemo ya chini: ukikosea masafa mara mbili tu, kwenye joto la kawaida umeongeza au kupunguza 5.76 J/mol·K kwa kila mtetemo, na nishati huru kwenye kelvini 298 imehama kwa 1.7 kJ/mol. Kuyaacha masafa hayo kimya si bora. Phonopy huruka masafa ya kufikirika inapokokotoa joto mahususi, bila kukusimamisha, na matokeo yake una kristali iliyopungukiwa na mitetemo. Grafu ya joto mahususi itatoka laini na yenye sura nzuri kabisa, na itakuwa na kosa.

Njia zako za haki ni mbili, na chaguo linategemea unachotaka kusema kwenye tasnifu. Kama hoja yako ni ya joto la chini, hamia kwenye muundo wa tetragoni, wenye atomi kumi kwenye seli yake ya msingi, na ukokotoe huko. Ni kazi inayoingia kwenye miezi mitatu. Jihadhari tu na Γ, ambayo kwa PBE inaweza kubaki hasi hata humo. Hapo PBEsol itakusaidia zaidi. Kama lazima uzungumzie mchemraba kwenye kelvini 300, unahitaji mbinu zinazoingiza joto ndani ya kani zenyewe. Tadano na Tsuneyuki walifanya hivyo kwa kristali hiihii mwaka 2015, wakapata masafa halisi yanayobadilika na joto. Programu zipo na ni za bure: ALAMODE, TDEP, SSCHA. Lakini nikuambie ukweli, kujifunza moja yao kutoka mwanzo, kukusanya kani za miundo mingi iliyotikiswa na kuhakiki, kwa miezi mitatu iliyobaki, bila mtu wa kukuongoza karibu, sikushauri. Ningekaa na tetragoni na kulieleza suala la mchemraba kwa maneno, na grafu ya mabonde mawili kama ushahidi. Sura hiyo ina nguvu kuliko grafu isiyo na masafa hasi ambayo hujui ilivyopatikana.

Kabla ya yote hayo, tumia siku moja kwenye silikoni au oksidi ya magnesi kwa vigezo vyako vilevile vya ukali. Zote mbili ni tulivu kabisa, na silikoni ina tawi la optiki la Γ kwenye 520 cm⁻¹ ambalo kila mtu analijua; PBE itakupa chini kidogo ya hapo. Zikitoka na masafa hasi, tatizo liko kwenye mikono yako na si kwenye kristali, na utalijua kwa gharama ya atomi mbili.

Kuna hali ambazo maandishi hayatoshi na unahitaji mtu akae nawe mbele ya skrini. Ukiona ya akustiki bado yako chini ya −10 baada ya kukaza conv_thr na ecutrho, huenda potensho yenyewe ina kasoro, na hilo linahitaji jicho lililokwisha kuona nyingi. Ukihamia siku moja kwenye oksidi zenye sumaku, kama za manganizi au chuma, usiende peke yako: mpangilio wa sumaku ukikosewa, au elektroni zikitulia kwenye bonde lisilo lao, unapata masafa ya kufikirika ambayo hayafanani na chochote nilichoeleza hapa. Katika ukanda wetu msaada upo. Shule ya ASESMA, inayofundisha hesabu hizi kwa vijana wa Afrika na iliyowahi kufanyika Eldoret mwaka 2012, huwaweka wanafunzi meza moja na watu walioandika sehemu za programu unazozitumia. Taasisi ya EAIFR iliyoko Kigali, mshirika wa ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia cha Trieste, Italia, nayo ina wanafizikia wa vitu yabisi. Ukienda, chukua faili za kuingiza, faili za matokeo na zile namba za masafa kabla ya kusahihisha. Picha ya grafu peke yake haimwezeshi mtu kukusaidia.

Wiki hii fanya mawili tu: soma zile namba tatu za R kwenye faili, na uanzishe zile hatua ishirini na moja za nishati. Ukiwa na mabonde mawili kwenye karatasi, nenda kwa msimamizi wako nayo kabla hujatuma kazi nyingine yoyote kwenye foleni.